Wanangu, muulizeni mtoto kisha mnyamaze

Kwenu kina mama na kina baba vijana wa Wete na wa Pemba nzima,

Assalaamu alaykum. Nimesomesha skuli za msingi miaka mingi, nimelea wangu, sasa nalea wajukuu. Kila asubuhi nikiwa uani nazisikia nyumba za jirani: "Amka! Piga mswaki! Kunywa chai! Wewe, viatu!" Nami nilikuwa hivyo hivyo, ndiyo maana nawaandikia.

Mwanangu wa pili nilimwamsha kwa makelele miaka yote ya skuli. Alipokwenda Unguja kusoma akakaa kwa dada yangu, hazikupita wiki mbili nikaletewa habari: mtoto haamki, nguo za skuli hazifui, anangoja aambiwe. Niliona haya sana. Tabia zote nilizodhani nimempa zilikuwa mdomoni mwangu, yeye hakuondoka na hata moja.

Kwa wajukuu nauliza. Lakini kuna swali na kuna kesi, wanangu. "Kwa nini mpaka sasa hujapiga mswaki?" hiyo ni kesi, mtoto atajitetea au ataongopa. "Umeshafanya nini, kimebaki nini?" hilo ndilo swali. Mjukuu wangu wa miaka 7, siku ya kwanza nilipomuuliza hivyo, alisimama katikati ya ukumbi, kiatu kimoja mkononi. Akajigusa kichwa, akapapasa mkoba, akapitisha ulimi kwenye meno. "Mswaki, bibi." Akaenda mferejini mwenyewe. Muda wote huo nilikuwa nimeuma midomo nisimtajie, na niseme kweli, kungoja huku ni kugumu kuliko kukemea.

Mdogo wa miaka 3 au 4 swali hilo hataliweza. Huyo mpe mawili achague: tuoge kwanza au mswaki kwanza? Yote mawili yatafanyika, ila ameamua yeye.

Kabla ya kula nauliza, "Mikono yako leo imeshika nini?" Hapo utasikia mambo: mchanga, mbuzi, pesa ya dukani, mpira uliotoka mtaroni. Akishayataja mwenyewe, sabuni haina ugomvi tena.

Linalonisumbua zaidi ni usingizi. Wataalamu wa afya wanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala masaa 9 hadi 12. Hesabuni wenyewe: anayeamshwa saa 11 alfajiri aende chuoni kusoma Kurani kisha skuli, masaa 9 yanamtaka awe kalala saa 2 usiku, yaani Isha ikishasaliwa tu. Nasi tuko karibu na ikweta, nyakati za adhana hazihami sana mwaka mzima, kwa hiyo mtoto wa Pemba ana saa msikitini hata kama nyumbani hamna ya ukutani. Sasa huyo anayeangalia video kwenye simu ya baba mpaka saa 4, asubuhi mnamwita mvivu! Si mvivu, ana deni la usingizi. Muulizeni kwa upole akiwa bado anapikicha macho: "Jana Isha ilikukuta unafanya nini, na leo umeamkaje?" Msimwongezee neno. Baada ya siku chache ataunganisha mwenyewe.

Wanaosoma mkondo wa mchana mambo yao ni hayo hayo, saa tu zinasogea.

Anzeni na swali moja, mkae nalo wiki mbili tatu. Na nyinyi kina baba, msikae barazani mkasema hili la wanawake. Swali la baba mtoto hulichukulia kwa uzito wake.

Juzi usiku nilikuwa natandika kitanda, yule mwenye kiatu mkononi akaja mlangoni akanitazama kidogo. "Bibi, umeshafanya nini, kimebaki nini?" Nikafikiri. Dawa ya presha nilikuwa sijameza. Akanyamaza, akaningoja mpaka nimeikumbuka mwenyewe.

Ni mimi bibi yenu,
Wete, Pemba