Chungwa halina mbegu, basi limechomwa sindano?

Mhariri, naomba kanafasi kadogo nitoe la moyoni.

Juzi soko la Mbuyuni hapa Moshi mteja kapasua chungwa kwa mama mmoja, kaona ndani hamna mbegu hata ya dawa, akalirudisha kwenye fungu akisema haya ya maabara, yamechomwa sindano ili tusizae. Mama wa watu kabaki na kisu mkononi. Nilitaka nimjibu ila konda alishaanza kuita Rau Rau, basi nitamjibu hapa.

Lile lilikuwa lenye kitovu, wenyewe wanaliita navel. Maabara gani sasa! Lilitokea lenyewe Brazil huko Bahia, mchungwa wa kawaida ukabadilika tu kwa asili, maua yake yakawa hayana chavua inayofaa na tunda likajaa bila kusubiri kurutubishwa. Mwaka 1873 mama mmoja wa Riverside, California, Eliza Tibbets, alipata miche ya aina hiyo na mmoja bado upo hai mpaka leo. Mtu atauliza bila mbegu unapandwaje, si kubebesha jamani, fundi anakata jicho kwenye tawi, anachana gome la mche wa limao kama herufi T, analichomeka humo na kulifunga nailoni, kwahiyo hizo navel zote duniani ni kama mti mmoja unaoendelea kuhamishwa hamishwa.

Zile ndimu kubwa za Tahiti, nazo hazina mbegu, ni habari nyingine. Mlimao au mchungwa wa kawaida una kromosomu 18 (zile nyuzi za urithi ndani ya seli), yaani seti mbili, ila mndimu wa Tahiti una seti tatu, 27, na tatu hazigawanyiki kwa mbili, inafanana na yule nyumbu mtoto wa punda na farasi, naye hazai kwa kuwa kromosomu zake hazilingani. Wataalamu wakaona kumbe inawezekana, wanachukua mti wa seti mbili wanauzalisha na wa seti nne ili wapate wa tatu makusudi. Maabara ipo pia sikatai, lile chenza la California liitwalo Tango lililotoka 2006 lilipatikana kwa kupiga mionzi vikonyo, yaani vijitawi vya kubebeshea, vya chenza lenye mbegu, ila kilichopigwa ni kikonyo, siyo tunda unalomenya wewe.

Sasa na mimi nisijifanye mjuaji sana maana nilishaaibika. Nilinunua mche wa Clementine, aina ya chenza, kwenye kitalu kimoja, nikaambiwa hauna mbegu, nikautunza kama mtoto, miaka minne hiyo, mavuno ya kwanza namenya nakuta mbegu sita! Nikamwendea yule kijana wa kitalu nikamwita tapeli mbele ya wateja wake. Kumbe Clementine haijirutubishi, ikiwa peke yake haina mbegu, ila nyuki wakiileta chavua ya aina nyingine inayoelewana nayo mbegu zinajaa, na jirani yangu ana miti yake ya machenza hatua kumi tu kutoka kwenye uzio. California wakulima wanafunika miti yao nyavu wakati wa maua. Mimi hiyo hela ya nyavu naitoa wapi.

Ila hata kijana ana lake, angeniambia mapema isipandwe karibu na nini. Wenye vitalu andikeni hilo kwenye kile kibandiko cha mche, ni sentensi moja tu. Nimerudi kumwomba radhi kanipokea vizuri, jirani ndo nilimgusia habari ya kukata miti yake, akaniuliza kama nyuki nao ni wake.

Mkazi wa Rau, Moshi