Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Teknolojia na Upimaji wa Umahiri

Ndugu wanachama,

Mwaka huu nguvu zetu nyingi tumezielekeza kwenye upimaji. Katika mafunzo ya umahiri, mwanafunzi hahitimu kwa sababu muhula umekwisha; anahitimu akishaonyesha kwa vitendo kwamba kazi anaiweza, kwa vigezo alivyovijua tangu mwanzo. Benjamin Bloom, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, alitetea wazo la jinsi hiyo mwaka 1968: muda wa kujifunza utofautiane, kiwango kibaki kilekile. Lakini mkufunzi mwenye darasa kubwa atajuaje kila mmoja amefikia wapi? Hapo ndipo ninapoona kazi halisi ya teknolojia. Kupakia notisi mtandaoni ni hatua ndogo mno.

Ndiyo maana warsha zetu zilihusu kukusanya ushahidi kwa simu janja. Mwanafunzi wa uchomeleaji anarekodiwa tangu anaposafisha chuma hadi anapokagua kiungio, huku akieleza kwa nini amechagua kiwango fulani cha umeme. Mkufunzi anaitazama video akiwa na vigezo mkononi, anairudisha nyuma panapomtia shaka, na mtathmini wa pili anaweza kuipitia bila kufika karakanani. Picha ya kazi iliyokamilika haitoshi, kwa kuwa haionyeshi kama kijana alivaa kinga ya uso. Naomba tusilegeze hapo.

Kwa kutunza kumbukumbu, wengi wenu mnatumia Moodle, mfumo huria wa kuendeshea masomo mtandaoni uliopo tangu 2002. Tangu 2016 unaruhusu kila zoezi kuunganishwa na umahiri husika, na programu yake ya simu hufungua masomo yaliyopakuliwa hata intaneti ikikatika. Vifaa vya kuigiza hali halisi navyo vinafaa kwa mazoezi ya hatari au yanayomaliza malighafi, ila msimamo wangu ni kwamba tathmini ya mwisho ifanyike kwenye kazi yenyewe.

Kwa upande wa wakufunzi, tumeanza kujipima kwa mwongozo wa UNESCO wa 2018 kuhusu umahiri wa walimu katika kutumia teknolojia, wenye umahiri 18 katika ngazi tatu.

Limebaki suala la faragha. Video ya mwanafunzi anayekosea ni mali nyeti. Mwakani kamati italeta rasimu ya kanuni: ridhaa ya maandishi, nani aione, na lini ifutwe. Tafadhali leteni maoni yenu kabla rasimu haijapigiwa kura.

Mwenyekiti