Anayetamani tangi na anayetafuta kipimo

Kwa Rashidi,

Salamu nyingi, na natumaini wewe na wa nyumbani hamjambo. Umeuliza kwa nini tovuti yako ya matangi ya samaki inasomwa sana na kamisheni, yaani malipo unayopata mtu akinunua bidhaa kupitia viungo vyako, haionekani. Kwa kifupi, kurasa zako nyingi zinaongea na mtu anayetamani, na mwenye haja hujamwandikia.

Hebu mfuate mteja wako hatua kwa hatua. Anaanza kwa kutafuta "tangi zuri la samaki". Huyo bado yuko ndotoni. Atapima nafasi sebuleni, atabishana na mwenzake, atazunguka siku kadhaa, na mwisho pengine atanunua dukani kwa kuogopa kioo kuvunjika njiani. Akishapata tangi, maswali yake yanakuwa ya hesabu: lita 60 zinataka hita ya wati ngapi? (Kadirio la kawaida ni wati 1 kwa kila lita, na chujio lizungushe maji yote ya tangi kama mara 4 kwa saa.) Ukiona mtu anauliza kwa lita na wati, jua tangi limeshafika nyumbani kwake.

Wiki ya 2 au ya 3, samaki wanaanza kufa. Bakteria wanaogeuza amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) kuwa nitriti, kisha nitrati, huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kukaa sawa katika tangi jipya, na mgeni wa kazi hii huwamwaga samaki wote siku ya kwanza. Sasa anaandika "samaki wanahema juu ya maji". Huyo anataka kipimo cha amonia leo hii na hana muda wa kulinganisha bei. Akishavuka hapo anabaki mnunuzi wa vinavyoisha: chakula, dawa ya kuondoa klorini, vipimo vipya.

Huyu wa dharura mwambie kwanza abadilishe sehemu ya maji, jambo lisilokuletea hata senti, ndipo umwonyeshe kipimo. Na usimshauri anunue sifongo jipya la chujio kila mwezi ili upate kamisheni. Sifongo husuuzwa ndani ya maji yaliyotolewa kwenye tangi. Akilitupa, ametupa bakteria pia, samaki watakufa tena, na ushauri uliomfikisha hapo ataukumbuka.

Sasa, ya kujua nani anakuja kwako. Fungua ripoti ya utendaji kwenye Google Search Console (zana ya Google inayoonyesha watu walitafuta nini hadi wakafika kwako), weka kipindi cha miezi 16 (kumbukumbu zake haziendi nyuma zaidi), uchague ukurasa mmoja mmoja, na upakue maneno yaliyotafutwa. Kwenye jedwali ongeza safu moja na uandike mbele ya kila neno: ndoto, hesabu, dharura au marudio (yule wa vinavyoisha). Maneno yanayotafutwa na watu wachache mno hufichwa kwa ajili ya faragha, kwa hiyo jumla haitalingana na idadi ya mibofyo. Usipoteze siku kuitafuta tofauti hiyo. Utakachogundua mara nyingi ni kwamba ukurasa uliouandika kwa ajili ya wenye ndoto unaletewa watu wa hesabu, na jibu lao umelizika aya ya kumi.

Hatua ya pili ni viungo. Kila ukurasa uwe na kitambulisho chake cha ufuatiliaji. Amazon inakuruhusu kutengeneza vingi ndani ya akaunti moja, na mitandao mingine mingi ya kamisheni ina nafasi ya kuongeza alama yako mwishoni mwa kiungo. Bila hivyo ripoti itakwambia hita 3 zimeuzwa na isikwambie zilitokea wapi. Kisha gawanya kamisheni ya kila ukurasa kwa mibofyo ya viungo vyake. Tuseme ukurasa wa matangi una mibofyo 400 na oda 2, wa amonia mibofyo 50 na oda 4. Inaonekana jibu limepatikana, lakini oda 4 ni chache, na bidhaa ikirudishwa kamisheni yake nayo hufutwa. Ngoja mibofyo ifike mia kadhaa kabla ya kuamua.

Kuna jambo jingine linalopotosha hesabu. Kuki ya Amazon, yaani alama inayobaki kwenye kivinjari kuonyesha kwamba mteja ametoka kwako, hudumu saa 24. Bidhaa iliyowekwa kikapuni ndani ya muda huo kwa kawaida husubiriwa hadi siku 90, lakini aliyesoma tu, akarudi baada ya siku 3 kwa njia nyingine, hahesabiwi kuwa wako. Ndiyo maana ukurasa wa ndoto huonekana umekufa hata unapofanya kazi. Usiufute. Uelekeze kwenye ukurasa wa hesabu, huko ndiko atakakorudi akishapata tangi.

Ripoti ya Amazon pia huorodhesha vitu vilivyonunuliwa ambavyo hukuviwekea kiungo. Waliobofya kipimo wakiwa wananunua ndoo na mpira wa kunyonyea maji, umepata mada ya ukurasa unaofuata. Na kama huelewi wanachokitarajia, soma maoni ya wanunuzi waliotoa nyota 2 au 3. Wa nyota 5 anashangilia na wa nyota 1 ana hasira. Hawa wa katikati ndio husema "hita inafanya kazi ila waya ni mfupi". Usiyanakili tu, sheria za Amazon haziruhusu.

Mwenye dharura yuko na simu mkononi, kwa hiyo lile jedwali la safu 6 lililo kwenye tovuti yako halisomeki kwake. Weka jibu na kiungo kimoja juu kabisa.

Anza na kurasa 10 zenye mibofyo mingi. Ukishaziwekea alama nitumie jedwali tulitazame pamoja, hasa zile utakazosita kati ya hesabu na dharura. Nisalimie mama watoto.

Wako,
Hamisi