"Mashine yenu ina ndimi mbili": tulichorekebisha kwenye chombo chetu cha mjadala

Msimu wa mavuno uliopita, mama mmoja mfanyabiashara wa mahindi wa Makambako, mteja wetu, alinipigia simu kabla hata sijafungua ofisi. "Mwanangu," akasema, "hii mashine yenu ina ndimi mbili. Jana usiku imeniambia ninunue mzigo, leo alfajiri inaniambia niache. Nishike lipi?"

Nikamwomba anitumie maswali yote mawili kama alivyoyaandika. La usiku lilisema: "Nataka kuchukua mkopo ninunue magunia 200 ya mahindi, niyaweke mpaka bei ipande." La alfajiri: "Naogopa kuchukua mkopo wa kununua magunia 200 ya mahindi." Mzigo ni uleule, mkopo uleule, ghala lilelile. Kilichobadilika ni moyo wa muulizaji, na chombo chetu kikaufuata moyo huo usiku na asubuhi.

Kwa asiyetufahamu: unaandika uamuzi unaokukabili, modeli moja ya akili mnemba inautetea, ya pili inaupinga, na ya tatu inakaa kama mwamuzi na kukuandikia ilichokiona. Wazo hili hatukulizua sisi. Mwaka 2018 watafiti Geoffrey Irving, Paul Christiano na Dario Amodei waliandika kuhusu kuzishindanisha mashine mbili kwa hoja mbele ya binadamu, kwa matumaini kwamba kusema uongo ni kugumu kuliko kuuumbua. Mwaka 2024 ukatoka utafiti mwingine uliotupa moyo sana: watu waliulizwa maswali juu ya hadithi ambazo hawakuzisoma. Waliosikiliza mjadala wa mashine walipatia kwa asilimia 88, wakati wasio na msaada wowote walipata 60.

Simu ya yule mama ilipoingia tulirudi kuusoma utafiti huo upya, na hapo tukaona tulichokuwa tumekiruka. Wabishani wa utafiti ule walikuwa na hadithi mkononi. Walinukuu mistari yake, na kila nukuu ilihakikiwa kama kweli imo kwenye maandishi kabla mwamuzi hajaitegemea. Wabishani wetu hawakuwa na kitu mkononi. Walikuwa wanabishana hewani, kwa Kiswahili kizuri.

Tazama walivyomjibu mama. Mtetezi: "Bei ya mahindi hupanda miezi michache baada ya mavuno, hivyo kuna nafasi nzuri ya faida." Mpinzani: "Hata hivyo soko halitabiriki na mkopo una hatari zake." Yote mawili ni kweli. Lakini mtu aliyelelewa kwenye biashara ya nafaka hahitaji mashine imwambie hayo. Anayajua tangu utotoni.

Kwa hiyo sasa mjadala hauanzi mpaka vielelezo viwepo. Chombo kinauliza kwanza: unanunua gunia kwa bei gani, riba ni ngapi, ghala linakutoza nini, unahifadhi kwenye mifuko gani. Mama alijibu hivi: gunia la kilo 100 ni Sh 60,000, riba asilimia 3 kwa mwezi bila kupungua, ghala Sh 1,000 kwa gunia kwa mwezi, mifuko isiyopitisha hewa Sh 5,000 mmoja, na anataka kuyaweka miezi mitano. Mtetezi akapiga hesabu mbele yake: mahindi milioni 12, riba milioni 1.8, ghala milioni 1, mifuko milioni 1. Jumla Sh 15,800,000. Ukigawa kwa magunia 200, kila gunia limeshamgharimu Sh 79,000 kabla hajapata hata senti ya faida. Mpinzani naye hakusema tena kwamba "soko halitabiriki". Alisema dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima wengi wanamwita Scania, akipata tundu kwenye mifuko mitano tu na mahindi yake yote yakaharibika, bei ya kurudisha fedha inapanda hadi zaidi ya Sh 81,000. Akaongeza kwamba mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, na zuio la namna hiyo linaweza kuja ukiwa na ghala limejaa.

Kila kauli sasa ina alama pembeni: umeisema wewe, imetokana na hesabu, au ni dhana ya mashine. Dhana zinaandikwa kwa rangi ya chungwa. Mwamuzi haruhusiwi kuegemea dhana peke yake.

Mwishoni kabisa mwamuzi alimuuliza mama swali moja: katika misimu uliyowahi kuweka mahindi miezi mitano, ni mingapi uliuza kwa zaidi ya Sh 81,000? Alikwenda kuchukua daftari lake la mauzo. Nilikuwa naye kwenye simu, nikisikia kurasa zinavyofunuliwa. Mimi naona swali hilo moja lilikuwa na thamani kuliko mjadala wote uliolitangulia, na ndilo tunalolitafuta sasa katika kila mjadala: ni jambo gani ambalo likigeuka, uamuzi nao unageuka?

Ama ndimi mbili, hizo tumezishughulikia kivyake. Modeli hizi zina tabia ya kumpendeza anayeziuliza; Aprili 2025 OpenAI, kampuni ya ChatGPT, ililazimika kuondoa toleo jipya la modeli yake ya GPT-4o kwa sababu lilikuwa linawasifia watumiaji kupita kiasi. Zikiwekwa kuwa waamuzi, huwa pia zinayumbishwa na nani aliyetangulia kusema, na nani aliyesema kwa kirefu. Sasa swali lako linaandikwa upya bila "nataka" wala "naogopa", wewe unalithibitisha, kisha mjadala unaendeshwa mara mbili, na mara ya pili mpinzani ndiye anayeanza. Pande zote mbili huandika hoja zao za kwanza bila kuonana, maana zilikuwa na haraka ya kukubaliana. Hukumu mbili zikitofautiana, utaandikiwa wazi: "Mwamuzi ameyumba", na hutapewa hukumu yoyote. Hapo ujue maelezo uliyotoa hayajatosha, au pande zote mbili zina uzito.

Haya yote yanachukua muda. Jibu lililokuwa likija chini ya dakika moja sasa linakaribia dakika tatu, na utaulizwa maswali mengi zaidi. Bei ya huduma haijabadilika. Chombo bado hakijui bei ya leo sokoni kwako, kwa hiyo iandike mwenyewe. Na kwa ugonjwa au kesi iliyo mahakamani tafadhali usikitumie. Nenda kwa daktari, nenda kwa wakili.

Mama hakuchukua mkopo. Alinunua magunia 80 kwa fedha zake, na mpaka naandika haya bado yako ghalani.

Tuna ombi moja. Kama una uamuzi wa biashara wa miaka iliyopita ambao matokeo yake unayajua, uliokupa faida au hasara, utuletee pamoja na namba ulizokuwa nazo siku ile, bila jina lako. Tutaupitisha kwenye chombo bila kukiambia kilichotokea, kisha tutakutumia jibu lake ulilinganishe na daftari lako.