Kuhesabu pumzi: someni kabla ya zamu ya kesho

Habari za jioni wapendwa. Kesho mnaingia wodini, naomba tukazanie upumuaji. Ndicho kipimo kinachokisiwa sana. Chati ikiwa 20, 20, 20 kitanda kwa kitanda, hakuna aliyehesabu.

Anza na mapigo ya moyo: weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa. Gumba usitumie, lina mapigo yake. Ukimaliza mapigo usiachie mkono. Hamishia macho kifuani, hesabu dakika 1 nzima. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Usimwambie, maana akijua anahesabiwa pumzi hubadilika bila yeye kukusudia. Blanketi nene likikuzuia kuona, lishushe kwa staha.

Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, kosa la pumzi 1 linakuwa 4.

Mtu mzima aliyetulia: 12 hadi 20. Ukipata 25 au zaidi, au 8 kushuka chini, mwite muuguzi wa zamu hapo hapo, usingoje umalize raundi. Pumzi mara nyingi hubadilika kabla presha haijashuka.

Kichanga tazama tumbo, 30 hadi 60.

Kila mtu aje na saa yenye mshale wa sekunde.