Barua kwa mwanangu Mwanaidi: ile kutu ya Peugeot tusiifunike

Mama yangu Mwanaidi, asalaam aleikum.

Zile voisi zako tatu za jana usiku nimezisikiliza zote, ile ya mwisho nimeirudia mara mbili, alafu nikakaa kimya. Sio kwamba nimekasirika, la hasha, nilitaka kwanza kukuche nichukue tochi niingie chini ya gari nijionee mwenyewe ndo niseme neno. Basi nimeingia. Nimetandika gunia pale chini ya mwembe nikalala chali kama saa nzima hivi, na bisibisi na kinyundo, mpaka mama yako akaniletea chai hukohuko. Sasa nakuandikia kwa kirefu maana kwenye simu naongea moja nasahau matatu.

Nimekuelewa unavyosema. Mteja yupo Dar, anakusanya magari ya zamani, picha ameipenda na mwisho wa mwezi anataka kuja kuiona. Na huyo mwenzako wa kazini anakushauri tuipige pati kwanza, ule unga wa kujazia mashimo ya bati, tuvute rangi nyeupe ileile, ing'ae, badala ya milioni 5 tuombe 8. Hesabu yako sio mbaya mama. Nimeuliza kwa fundi hapa Chumbageni, pati na rangi gari zima kaniambia laki 9, wiki mbili kazi imeisha. Unatoa laki 9 unaongeza milioni 3, hapo milioni 2 na laki 1 inabaki mfukoni, na mama yako kashaniambia paa la jiko linavuja na milioni mbili sio hela ya kuchezea. Ni kweli. Sitaki uone kama baba hajapiga hesabu.

Ila kuna habari ya hii gari sijawahi kukusimulia, naona ndo wakati wake.

Niliinunua 1991, wewe bado hujazaliwa. Ilikuwa modeli ya 1978, 504 saluni, nyeupe, inang'aa unajiona sura. Na lazima ujue sisi wa umri wangu Peugeot ilikuwa kitu gani kwetu. 1966 na 1967 Bert Shankland, aliyekuwa anaishi hapahapa Tanzania, alishinda Safari Rally na 404, mi nilikuwa mtoto mdogo lakini jina hilo kila mtoto alikuwa nalo mdomoni, tunasukuma magari ya waya tunajiita Shankland. Alafu 504 ilivyotoka 1968 nayo ikaja ikashinda Safari, 1975 na Ove Andersson, 1978 na Jean-Pierre Nicolas (hiyo ya 78 ilikuwa ile kupe, yaani ya milango miwili, injini V6 ya pistoni sita, sio hii yetu ya pistoni nne, lakini sisi nani alikuwa anatofautisha). Kwa hiyo mwanaume wa miaka thelathini na kitu, nimedunduliza miaka sita, naikuta Pijo imesimama inameremeta na bei naiweza, mi sikuinama hata mara moja kutazama chini. Nikatoa hela nikapewa kadi nikaondoka nayo.

Kama miezi saba baadae nilikuwa nampeleka bibi yako Lushoto kwenye msiba, huyu uliyerithi jina lake. Kabla hatujafika Mombo tairi ya nyuma ikapata pancha. Nikatoa jeki nikaiweka palepale inapotakiwa, nikaanza kupampu, napampu, gari hainyanyuki, kumbe jeki ndo inazama. Kile kizingiti cha chini ya mlango kikabomoka chote kama biskuti iliyolowa chai. Ndani hamna bati mama. Kuna pati nene kama tofali, imeshikiliwa na wavu wa mbu, na nyuma ya wavu wameshindilia magazeti. Magazeti! Yalikuwa bado yanasomeka. Bibi yako alikuwa amesimama juani kajifunika kanga, akaokota kile kipande cha gazeti akakigeuzageuza, akaniuliza, "Sasa huyu aliyekuuzia, alikuwa anajua?" Nikamwambia ndiyo mama, alikuwa anajua. Hakusema kitu tena, tukatafuta lifti, msibani tulifika watu wameshazika.

Aliyeniuzia simtaji, kashatangulia mbele ya haki.

Ile gari ilikuja kufufuliwa na mzee mmoja fundi bodi wa Ngamiani, Mungu amrehemu, na mi kila jioni nikitoka kazini nilikuwa naenda kumshikia taa, ndo nilipojifunza haya ninayokuambia. Aliniambia 504 sio kama Land Rover, Land Rover ina chasisi yake peke yake na bodi imekaa juu, hii haina, bodi yenyewe ndo chasisi. Vile vizingiti, ile sakafu, ile minara ya shokapu za mbele, pale shokapu zinaposhikiliwa kwa juu, ndo mifupa. Ukijaza pati kwenye kizingiti umejaza unga kwenye mfupa, haubebi chochote. Na pati inanyonya maji, kwa hiyo bati lililobaki nyuma yake linaoza haraka kuliko lingeachwa wazi likapigwa na upepo. Kutu nayo ikila bati inavimba, inachukua nafasi kubwa kuliko bati lenyewe, ndo maana unaona rangi inafanya malengelenge, ukiona lengelenge dogo juu ujue huku nyuma kazi ilishafanyika siku nyingi. Na hapa Tanga ndo usiseme, chumvi ya bahari inakaa kwenye vumbi, vumbi linakaa ndani ya milango na vizingiti, na yale matundu ya kutolea maji chini ya milango yakiziba basi gari inaoza kutokea ndani.

Yule mzee alikata mpaka akafika kwenye bati linalong'aa, hata kama ilibidi akate zaidi. Akachonga bati la pipa, akachomelea mshono mzima, sio nukta nukta, akapiga praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga kutu, alafu akamimina oili chafu kwa ndani. Hicho ni kizingiti cha kushoto. Asubuhi hii nimekigonga kwa kinyundo kinalia ngeee kama kengele, zaidi ya miaka thelathini. Cha kulia, ambacho wakati ule kilikuwa kizima hatukukigusa, leo bisibisi imeingia mpaka kwenye mpini.

Sasa nikuambie nilichokiona chini. Kizingiti cha kulia kimeisha kuanzia katikati kwenda nyuma. Sakafu ya dereva, ukitoa kapeti, kuna tundu linapita vidole vitatu, na pembeni yake bati jembamba kama karatasi. Kwenye buti maji yanaingia kwenye ile raba ya kioo cha nyuma, kona ya kushoto imeoza. Kuzunguka kioo cha mbele malengelenge, hayo wewe umeyaona. Milango chini ina kutu ya juujuu tu. Hayo yote nilikuwa nayategemea. Ambalo sikulitegemea ni mnara wa shokapu ya mbele kulia, pale juu kwenye maungio, kutu imepita kwenye mshono na bisibisi imezama kama sentimita moja. Hapo mwanangu niliweka chai chini.

Ndo nikaanza kufikiri upya. Maana nilivyoingia chini nilikuwa nimeshaamua kuwa tuiuze hivohivo ilivyo, tusiguse kitu, ila pale kwenye mnara uzito wote wa mbele kulia ndo umeegemea, na huyu mteja anasema akiipenda ataiendesha mwenyewe mpaka Dar, ni zaidi ya kilomita 300, yale malori ya kutoka Segera kwenda Chalinze unayajua wewe, akikutana na shimo moja kubwa mle njiani sijui. Siwezi kumpa mtu funguo nikijua hilo.

Nikapiga hesabu ya kuitengeneza yote kihalali. Nimemwita fundi mwingine, huyu kijana wa gesi na grenda ambaye kazi yake naiamini, kaipitia yote kasema milioni 3 na nusu, na kasema kabisa mzee hiyo ni kabla sijaanza kukata, maana ukishakata kutu unakuta zingine ambazo hukuziona. Miezi miwili. Tukitoa milioni 3 na nusu ili tuuze 8, mkononi inabaki 4 na nusu, chini ya hiyo 5 tunayoipata bila kufanya kitu, na miezi miwili imepotea. Wenzetu Ulaya fundi analipwa kwa saa hata hawajiulizi, kutu ya hivi inazidi bei ya gari, hapa kwetu ufundi ni nafuu lakini bado hailipi. Alafu mtu anayekusanya magari ana fundi wake, ana rangi anayoitaka yeye, ukimtengenezea anaweza akabomoa akaanza upya.

Na ile njia ya pati, ukiacha yote, hawa watu sio wajinga. Mtu anayejua magari ya zamani anakuja na sumaku kaifunga kitambaa, anapitisha kwenye madigadi na vizingiti, sumaku isiposhika anajua hapo ni pati. Mi mwenyewe nikienda kuangalia gari ya mwaka 70 na kitu nikakuta rangi mbichi kwenye vizingiti na lami mpya nyeusi chini, narudi nyumbani, sihitaji kuona zaidi. Kutu inayoonekana anaipigia bei. Iliyofichwa ataiwazia mara mbili, au hatanunua kabisa. Na asipojua je? Akiwa kama mimi wa 1991? Hapo ndo naona kanga ya bibi yako pale barabarani na lile swali lake, na safari hii anayeulizwa habari zake ni mimi na wewe.

Kwa hiyo nimeamua hivi, na kama unaona nimekosea nipigie tubishane. Tutatengeneza mnara wa shokapu tu. Kijana kasema laki 4, atakata, ataweka bamba la milimita 2, sio bati la pipa, na nimemwambia atakapomaliza apige praima basi, asipige rangi, mshono uonekane, mteja aone kilichofanyika na aone kimefanyika vizuri. Picha zitapigwa kabla, katikati na baada. Betri tutaitoa na tenki la mafuta tutalitoa kabla hajawasha moto, hilo nitasimama mwenyewe. Vingine vyote vinabaki.

Wewe mtumie mteja picha mpya. Sio zile za machweo. Toa kapeti upige sakafu, fungua buti upige kona, lala chini upige kizingiti cha kulia na bisibisi ikiwa imechomekwa. Mwambie waziwazi kutu ipo hapa na hapa na hapa, mnara umetengenezwa mwezi huu, aje na fundi wake tutaipandisha kwenye shimo pale gereji aikague atakavyo. Anza na milioni 6, chini ya 5 usishuke. Kwenye mkataba wa mauziano tuandike sehemu zenye kutu moja moja na yeye asaini.

Usidhani hatuna cha kuongezea bei. Kuna lile sanduku chumba cha uani umelisahau, vifuniko vya rimu vya asili vyote vinne, taa mbili za mbele na ile grili niliyoitoa 1999, kioo cha pembeni cha akiba, kabureta nzima, kitabu cha gari cha Kifaransa. Kwa mtu wa magari ya zamani hivyo vina thamani kuliko rangi ya laki 9, maana rangi anapata popote, hivyo atazunguka mpaka achoke. Nitavisafisha, wewe vipige picha juu ya meza.

Mi huku leo nimeitoa pale mwembeni, majani mabichi yanashikilia unyevu, nimeisogeza kwenye saruji. Nimezibua matundu ya milango yote minne, mlango wa nyuma kulia umetoa matope kikombe kizima. Kaka yako alitaka kupuliza oili chafu chini nimemkataza, oili inafanya kila kitu kionekane cheusi kizima, tutapuliza mteja akishaona, kama atataka.

Najua ulikuwa unalala kwenye kiti cha nyuma tukitoka Muheza usiku, na najua hutaki iondoke, nimeisikia kwenye sauti yako ukijifanya unaongea bei tu. Macho yangu usiku hayaoni tena mwanangu, na gari isiyotembea hapa Tanga inaisha. Bora iende kwa mtu atakayeikata vizuri.

Kile kipande cha gazeti bado ninacho, kipo ndani ya daftari la sevisi, bibi yako ndo alikiweka. Daftari nitampa mteja lote pamoja nacho.

Ukija Jumamosi niletee diski za grenda zile nyembamba za kukatia, kama kumi hivi, za hapa zinapasuka. Na panda basi la asubuhi.

Baba yako