Wanangu mlioko vyuoni, rudini kwenye katuni

Wanangu wapendwa,

Nawaandikia kwa sababu ya jambo linalojirudia kila matokeo ya mitihani yanapotoka. Kijana aliyekuwa akishika namba za juu tangu shule ya msingi anapata sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, kwa mpigo. Anajifungia chumbani, hapokei simu za nyumbani, na wenzake wanakuja kuijua hali yake wakati mambo yameshaharibika. Nimefundisha vyuoni hadi nikastaafu, na jambo hilo sikulizoea hata siku moja. Ushauri wangu huenda mkauona wa kitoto, lakini nautoa kwa moyo wote: zile filamu za katuni mlizotazama mkiwa wadogo, zitazameni tena sasa.

Sisemi zote. Nyingi zinamwambia mtoto kwamba ukilitaka jambo kwa dhati utalipata, kisha zinaisha kwa wimbo na sherehe. Hizo waachieni wadogo zenu. Zipo chache zinazosema kweli, na kwa mwanachuo sijaona inayoishinda Monsters University ya mwaka 2013.

Mnamkumbuka Mike Wazowski, lile zimwi dogo la kijani lenye jicho moja. Tangu utotoni anatamani kazi moja tu, kutisha watoto, maana katika mji wao mayowe ya watoto ndiyo yanayozalisha umeme. Anafika chuoni na daftari zake, anasoma usiku na mchana, anaijua nadharia yote kuliko darasa zima. Na hatishi. Mwenzake Sulley amezaliwa na umbo la kutisha na jina kubwa la baba yake, kwa hiyo haoni haja ya kufungua kitabu. Mkuu wa chuo anawaondoa wote wawili kwenye programu ya kutisha: mmoja ana bidii bila kipaji, mwingine ana kipaji bila bidii.

Hapa ndipo ninapoiheshimu filamu hii. Mike anapigana arudishwe, anakusanya wanyonge wenzake, timu yao inashinda mashindano ya chuo. Filamu nyingine ingeishia hapo. Hii inaendelea, na Mike anagundua kwamba Sulley aliichezea mashine ya mtihani ili rafiki yake afaulu. Sulley alifanya hivyo kwa mapenzi. Lakini tazameni uso wa Mike anapolijua hilo. Kinachomuumiza zaidi ya udanganyifu wenyewe ni kugundua kwamba rafiki yake hakuamini kama angeweza. Ninyi mnaowaandikia rafiki zenu kazi za darasa na kuwapa majibu ndani ya chumba cha mtihani, nawaomba mkitazame kipande hicho mara mbili. Mnadhani mnamsaidia mtu, kumbe mnamwambia kwamba mmekwisha kumkatia tamaa.

Mwishoni wote wawili wanafukuzwa. Ndiyo, wanadisko, na filamu haiwarudishi chuoni. Wanakwenda kwenye ile kampuni waliyoiota na kuanzia chumba cha kupanga barua, wanapanda kazi moja baada ya nyingine hadi wanafika kwenye ukumbi wa kutishia. Hata huko anayetisha ni Sulley, Mike ni msaidizi wake. Halafu kumbukeni Monsters, Inc. ya mwaka 2001, iliyotoka mapema lakini ikieleza maisha yao ya baadaye: inagundulika kwamba kicheko cha mtoto kina nguvu kuliko yowe, na anayejua kuwachekesha watoto ni Mike. Sura ile ile isiyotisha. Siwaahidi kwamba kila aliyefeli atapata mwisho kama huo. Wapo watakaobaki na kazi ya kawaida na maisha ya heshima, na hilo nalo si dogo. Ninachotaka mwone ni kwamba chuo kilimpima Mike kwa kipimo kimoja tu, na kipimo hicho hakikumjua Mike mzima.

Ya pili ni Inside Out ya mwaka 2015, na hii nawapa hasa ninyi wa mwaka wa kwanza. Riley, binti wa miaka 11, anahamishwa kutoka Minnesota kwenda San Francisco. Mama yake anamwomba aendelee kuwa mchangamfu kwa ajili ya baba. Wangapi kati yenu mnaishi hivyo? Kila simu ya nyumbani mnajibu kwamba mko salama, kila kitu kinakwenda vizuri, kwa kuwa mnajua wazazi wamejinyima mpaka mkafika hapo. Kichwani mwa Riley hisia zake ni wahusika wenye majina, na Furaha anahangaika kumzuia Huzuni asiguse chochote. Kisha Furaha anakumbuka siku ambayo Riley alikosa bao katika mchezo wa magongo kwenye barafu. Wenzake walikuja kumbeba kwa shangwe, lakini walikuja kwa sababu kwanza walimwona ana huzuni. Ni Riley anapolia mbele ya wazazi wake na kusema amekumbuka kwao ndipo wanapomkumbatia. Mzazi hawezi kukusaidia katika jambo ulilomficha. Mpigieni mama jioni ya leo mkamwambie lilivyo. Atanyamaza kidogo, pengine atakasirika, kisha ataanza kuuliza maswali. Na mwenye rafiki aliyeacha kuonekana darasani, nenda ukagonge mlango wake. Asipofungua, mwite mlezi wa bweni usiku huo huo.

Sehemu ya pili ya filamu hiyo, ya mwaka 2024, inamleta Wasiwasi, anayeshika usukani mpaka Riley, sasa ana miaka 13, anashindwa kupumua vizuri katikati ya mchezo. Anayepatwa na hali hiyo kabla ya mtihani asione aibu kwenda kwa mshauri wa wanafunzi. Yupo kwa kazi hiyo.

Limebaki jambo dogo kwa walio mwaka wa mwisho. Mwaka 1998, Toy Story 2 ikiwa bado inatengenezwa, amri moja ya kompyuta iliyotolewa kimakosa ilifuta sehemu kubwa ya filamu, na nakala za akiba za kampuni zikakutwa hazifai. Iliokolewa kwa sababu Galyn Susman, mmoja wa watengenezaji, alikuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua, na nyumbani alikuwa na nakala. Tasnifu yako iko kwenye kompyuta moja tu? Hifadhi nakala nyingine mahali pengine kabla hujalala leo.

Ni mimi,
mwalimu wenu mstaafu